Mtumwa, Mtumishi, Mtume: Dhima ya Mtumaji na Roboti Zinazojiendesha kwa Muda Mrefu

Utangulizi

Kitenzi tuma kimezaa katika Kiswahili ukoo wa maneno ambao wanafunzi wetu wa mofolojia huupitia haraka mno. Mtumwa ni mtu anayetumwa. Mtumishi ni mtu anayetumika. Mtume ni mtu aliyetumwa na Mwenyezi Mungu kuwafikishia waja ujumbe. Shina ni moja, lakini hadhi za watu hawa watatu zatofautiana kama mbingu na ardhi. Wa kwanza amenyimwa hiari yake, wa pili ameikodisha, na wa tatu ameitoa kwa imani. Makala hii inanuia kuuliza swali moja: roboti inapotumwa mahali pa mbali, ikaachwa huko ijiamulie mambo yake kwa miezi au miaka, ina nafasi gani katika ukoo huu? Na lililo zito zaidi, yule aliyeituma ana dhima gani, na dhima hiyo hukoma lini?

Yamkini msomaji atashangaa kuona suala la mitambo likijadiliwa katika jarida la uhakiki wa fasihi. Tuna sababu mbili. Kwanza, roboti ilizaliwa katika fasihi kabla ya kuzaliwa katika karakana. Neno lenyewe lilienezwa na mwandishi wa Kicheki, Karel Čapek, katika tamthilia yake R.U.R. iliyochapishwa mwaka 1920, na inafahamika kwamba aliyempendekezea neno hilo ni nduguye Josef, akilitoa katika neno la Kicheki lenye maana ya kazi ya shokoa. Pili, matatizo yanayowakabili wahandisi wa mitambo inayojiendesha kwa muda mrefu, yaani nini kikumbukwe, nini kisahauliwe, na agizo la jana lifasiriwe vipi leo, ni matatizo ya ufasiri. Hayo ndiyo malisho yetu ya kila siku.

Hata hivyo, urithi wa Čapek umetupotosha kwa kiasi fulani. Katika tamthilia yake, roboti huasi na kuwaangamiza wanadamu, na tangu hapo swali lililotawala fasihi na sinema ni lile la uasi: je, mtumwa atamgeuka bwana wake? Tunadai kwamba swali hili si la msingi. Kitu kinachoharibu mambo katika safari ndefu mara nyingi si uasi, bali ni utiifu ambao umeachwa peke yake muda mrefu kupita kiasi.

Madaraka na uhuru

Ni lazima tuanze na istilahi. Hali ya roboti kuendesha mambo yake bila kuelekezwa hatua kwa hatua huitwa na baadhi ya waandishi kujiendesha, na wengine huiita uhuru au kujitawala. Maneno haya hayalingani. Kujiendesha kwahusu mwendo. Gari la moshi nalo lajiendesha likilinganishwa na mkokoteni. Kujitawala kwahusu sheria. Immanuel Kant, katika maandishi yake ya mwaka 1785 kuhusu misingi ya maadili, aliona kwamba kiumbe chenye kujitawala ni kile kinachojiwekea chenyewe sheria ya kukiongoza. Kwa kipimo hicho, hakuna roboti yoyote iliyowahi kujitawala, kwa kuwa lengo la safari yake huwekwa na mwingine.

Historia ya Kenya yatupatia tofauti iliyo bora zaidi. Tarehe 1 Juni 1963 nchi hii ilipata madaraka. Tarehe 12 Desemba mwaka uo huo ikapata uhuru. Kati ya siku hizo mbili tulikuwa na serikali yetu ya ndani, tukiamua mambo mengi sisi wenyewe, ilhali neno la mwisho lilikuwa bado kwa mwingine. Roboti iliyotumwa mbali ina madaraka bila uhuru. Yaweza kuchagua njia ya kupita, jiwe la kuchunguza, saa ya kulala na saa ya kuamka, lakini haiwezi kuchagua kutokwenda. Tofauti ni kwamba madaraka ya nchi yalikuwa kituo cha muda kuelekea uhuru. Madaraka ya roboti hayaelekei kokote. Ndiyo hali yake ya kudumu, na muda ndio unaoifanya hali hiyo kuwa na utata wa kimaadili.

Changamoto tatu za muda mrefu

Mfano unaofahamika zaidi ni ule wa roboti mbili pacha, Spirit na Opportunity, zilizotumwa na Marekani kwenye sayari ya Mirihi na kutua huko Januari 2004. Zilikusudiwa kufanya kazi kwa siku 90 za Mirihi. Spirit ilidumu hadi Machi 2010 ilipotoa mawasiliano yake ya mwisho. Opportunity iliendelea hadi Juni 2018, ikiwa imetembea zaidi ya kilomita 45. Mawimbi ya redio huchukua kati ya dakika 3 na 22 hivi kufika Mirihi, kwa kutegemea umbali wa sayari hizi mbili wakati huo. Kwa hiyo haiwezekani kwa mtu aliyeko duniani kuishika roboti mkono inapokaribia shimo. Akiliona shimo, roboti imekwisha kutumbukia. Madaraka hapa si anasa. Ni sharti la maumbile.

Katika maisha ya roboti hizi tunaziona changamoto tatu. Ya kwanza ni uchakavu. Vumbi lilitanda juu ya paneli za jua na kupunguza nguvu za umeme, na mara kwa mara upepo wa Mirihi ulilifagia bila kuombwa. Mwaka 2006 gurudumu la mbele la kulia la Spirit lilikufa. Tangu hapo roboti ilisafiri kinyumenyume, ikiliburuta gurudumu hilo kama mtu mwenye mguu mbovu. Mwaka 2007 gurudumu lililokufa lilifukua udongo mweupe wenye silika nyingi mno, ushahidi wa kwamba hapo zamani palikuwa na maji moto au mvuke. Kilema kiligundua jambo ambalo mguu mzima ungelipita juu yake. Lakini uchakavu hautoi zawadi kila mara: mwaka 2009 Spirit hiyo hiyo ilizama katika mchanga laini na haikutoka tena.

Changamoto ya pili ni kumbukumbu. Siku 18 hivi baada ya kutua, Spirit ilianza kuzima na kujiwasha tena na tena, ikakesha usiku badala ya kulala, na betri ikawa inakwisha. Chanzo kilikuwa hifadhi ya kumbukumbu iliyojaa mafaili kupita uwezo wa programu kuyasimamia. Wahandisi waliiokoa kwa kuiamuru iamke bila kuigusa hifadhi hiyo, kisha wakafuta yaliyozidi. Opportunity nayo, uzeeni mwake, ilipatwa na ugonjwa wa kinyume. Kuanzia mwishoni mwa 2014 hifadhi yake ya kudumu ilikuwa haiaminiki, na watumaji wake wakaiacha ifanye kazi kwa vipindi virefu bila hiyo. Ilichokusanya mchana ilibidi ikitume kabla ya kulala. Isipokituma, kilipotea na usingizi. Mmoja aliugua kwa kukumbuka mno, mwingine kwa kusahau. Aishiye muda mrefu hana budi kujua kusahau kwa kipimo, na kipimo hicho hakimo katika kumbukumbu zenyewe. Kimo katika lengo.

Hapo ndipo tunapofikia changamoto ya tatu, ambayo ni ya maana. Ulimwengu hubadilika, agizo husimama. Jambo hili huonekana vyema zaidi katika roboti zilizoachwa kati ya watu. Mradi wa STRANDS wa Ulaya, katika muongo wa 2010, uliziweka roboti katika mazingira ya ulinzi na ya utunzaji wa watu. Katika awamu nne zilifanya kazi kwa jumla ya siku 104 na kutembea kilomita 116. Ukilinganisha na miaka 14 ya Opportunity utadhani siku hizo ni chache. Lakini Mirihi hakuna anayehamisha kiti. Katika nyumba ya watu, ramani iliyochorwa Jumatatu ni uongo ifikapo Jumatano: mlango uliokuwa wazi umefungwa, kitanda kimesogezwa, mwanga wa asubuhi si ule wa jioni. Mojawapo ya mbinu zilizotumiwa katika mradi huo ilikuwa kuifunza roboti marudio ya mambo, kama vile mchana na usiku, au siku za kazi na za mapumziko, ili ramani yake iwe na wakati ndani yake. Ni hatua kubwa. Hata hivyo, roboti iliyojifunza kwamba chumba fulani huwa tupu kila Jumapili haijajifunza kwa nini, wala haitajua siku ile utupu utakapokuwa na maana nyingine.

Mtumi wa kunga

Wahenga walisema kwamba mtumi wa kunga haambiwi maana. Kwa mtazamo wa kwanza methali hii yaelekea kuhalalisha roboti kabisa: mjumbe abebe, afikishe, asiulize. Lakini tuizingatie zaidi. Methali hii yafaa kwa safari fupi tu. Anayepeleka fumbo nyumba ya pili hahitaji kulielewa kwa sababu aliyelitunga yuko karibu, na anayelipokea analielewa. Mjumbe ni daraja fupi kati ya maana mbili zilizo hai. Daraja likirefuka hadi pande zote mbili zisionekane, mjumbe asiyejua maana hana tena cha kumwongoza.

Watu wa pwani walilijua hili vizuri. Tajiri aliyepakia boriti za mikoko katika jahazi na kuzipeleka Uarabuni kwa upepo wa kusi hakutegemea kumwona nahodha wake kabla ya kaskazi kuvuma. Kwa miezi hiyo hapakuwa na mawasiliano. Bei ingeweza kuanguka, tanga lingeweza kuchanika, na tajiri mwenyewe angeweza kufariki. Nahodha alipewa madaraka ya kuuza, kukopa, kutengeneza chombo na hata kugeuza safari. Lakini hakupewa madaraka hayo kwa sababu tu ya ufundi wake wa kusoma nyota. Alipewa kwa sababu ya jambo moja: aliporudi, angeketi barazani na kutoa hesabu. Angeulizwa kwa nini, naye angejibu. Kama tajiri alikuwa amekufa, angewajibu warithi.

Neno dhima, kwa maoni yetu, lina uzito wake hapa. Kuwa na dhima ni kuweza kusimama mbele ya wengine na kutoa udhuru unaoweza kukubaliwa au kukataliwa. Katika Kusadikika ya Shaaban Robert, iliyotoka mwaka 1951, wajumbe waliotumwa pande sita walirejea na mafunzo ya kuifaa nchi yao, nao wakalipwa kifungo. Wahakiki wengi wameisoma riwaya hiyo kama shutuma dhidi ya utawala dhalimu, na hawakukosea. Tungependa kuongeza usomaji mwingine: ni riwaya inayohusu wajibu wa anayetuma. Kosa la Kusadikika halikuwa kuwatuma wajumbe. Kosa lilikuwa kuwatuma bila nia ya kuwasikiliza warudipo. Karama anaposimulia mbele ya mfalme, anaidai nchi itimize upande wake wa mkataba ulio ndani ya kila utume: mimi nakwenda, nawe ubaki hapo kunipokea.

Roboti yaweza kutoa kumbukumbu ya kila ilichokifanya, kwa sekunde na kwa sentimita. Haiwezi kutoa udhuru. Haiwezi kusema: nilijua agizo lako, nikaliacha kwa sababu hii, nami niko tayari kuadhibiwa. Kwa kuwa haiwezi kubeba dhima, dhima haihami kwake hata madaraka yake yakipanuka namna gani. Inabaki kwa mtumaji. Aidha, kadiri muda unavyorefuka ndivyo agizo linavyohitaji kufasiriwa upya, na mfasiri mwenye haki ya kufanya hivyo ni yule tu anayeweza kuulizwa. Hivyo basi, dhima ya mtumaji hukua kwa kadiri mjumbe anavyokaa mbali.

Sauti ya roboti

Juni 2018 tufani la vumbi liliifunika Mirihi. Taarifa za mwisho za Opportunity zilikuwa takwimu za nguvu za umeme na za giza la anga. Watumaji wake walijaribu kuiamsha kwa zaidi ya amri elfu moja, na tarehe 13 Februari 2019 ikatangazwa kwamba safari imekwisha. Wakati huo mwandishi mmoja wa habari alizifupisha zile takwimu kwa maneno ya binadamu, kana kwamba roboti imesema betri yake inakwisha na kunakuwa giza. Maneno hayo yalienea duniani kama wosia. Watu wakalia.

Hatuna nia ya kuwacheka waliolia. Tashihisi ni mbinu kongwe. Watoto wetu walimwamini sungura kabla ya kumwamini mwalimu. Lakini mhakiki ana wajibu wa kuuliza tashihisi inamfaidi nani. Roboti inapopewa sauti, mtumaji hupotea katika hadithi. Anayesema kunakuwa giza ni yatima. Hatumwoni tena aliyemweka gizani. Mirihi jambo hili halina madhara, kwa sababu watumaji walikuwapo, wakisikiliza kwa miezi minane. Tukiihamishia tashihisi hiyo hiyo kwenye mtambo wa kivita unaojichagulia shabaha, tutasikia watu wakisema kwamba mtambo uliamua, mtambo ulikosea. Sarufi ya sentensi hiyo ni sahihi. Maadili yake ni mabovu.

Pingamizi

Pingamizi la kwanza ni kwamba roboti za leo hujifunza. Curiosity, roboti nyingine ya Mirihi iliyotua mwaka 2012, imekuwa ikijichagulia baadhi ya mawe ya kupima tangu 2016. Je, inayofunzwa na ulimwengu haitoki mikononi mwa aliyeiunda? Methali yajulikana: asiyefunzwa na mamaye hufunzwa na ulimwengu. Ila tutambue kwamba methali hii haimwondolei mama lawama. Inamtaja wa kwanza. Aliyeamua kwamba mjumbe akafunzwe na ulimwengu ameamua pia kuyapokea mafunzo hayo, mazuri na mabaya.

Pingamizi la pili ni zito zaidi: hakuna mtumaji awezaye kuona yote yajayo, na si haki kumdai mtu asiyoyajua. Nitalijibu kwa tukio lililonipata mwenyewe, ambalo halikuhusu roboti. Mama yangu mzazi aliishi miaka yake ya mwisho kijijini chini ya uangalizi wa mtumishi niliyemlipa. Niliacha maagizo kwa maandishi: dawa asubuhi na jioni, na mlango wa mbele ufungwe jua linapotua. Maagizo yalikuwa sahihi siku niliyoyatoa, kwa kuwa kulikuwa na wizi. Nilirudi baada ya miezi minane, nikaukuta mlango uko wazi usiku, na jirani wawili wazee wameketi sebuleni wakizungumza na mama, ambaye macho yake yalikuwa yamefifia na hakuweza tena kutoka. Nilimuuliza yule mtumishi kwa ukali. Akanijibu, "Mwalimu, uliniambia nifunge mlango. Hukuniambia nimfunge mama."

Sikuweza kuyaona mapema yale macho yaliyofifia, na hapo silaumiki. Nalaumika kwa jambo jingine: kwa miezi minane sikuuliza kama agizo langu bado lilikuwa na maana. Kilichomwokoa mama ni kwamba niliyemtuma alikuwa mtu, mwenye uwezo wa kuvunja agizo kwa ajili ya lengo na kisha kulijibia. Laiti ningaliacha mtambo mtiifu, mlango ungalifungwa kila machweo bila kosa, na kumbukumbu zake zingalionyesha kazi iliyofanyika kikamilifu. Dhima haidai ujuzi wa ghaibu. Inadai kuwapo: kuuliza, kusikiliza, kurudi.

Hitimisho

Tumejaribu kuonyesha kwamba roboti iliyoachwa kwa muda mrefu si mtumwa, kwa kuwa haina hiari iliyonyang'anywa. Si mtumishi, kwa kuwa haina hiari ya kukodisha. Wala si mtume, kwa kuwa haiamini. Imetumwa, basi. Ukoo wa neno tuma hauna jina lake, na pengo hilo lina funzo: uzito wote wa kitenzi unabaki upande wa mtendaji. Kutokana na hoja hii tunapendekeza kanuni moja. Mtu, kampuni au dola isitume mtambo kwa muda mrefu kuliko ule ambao iko tayari kubaki ikiujibia. Na ikiwa muda huo unapita uhai wake, imteue mrithi wa dhima kabla ya safari, kama tajiri wa jahazi alivyokuwa na warithi. Kampuni inayofilisika na kuziacha roboti zake katika nyumba za wazee imekufa bila wosia.

Sisi tunaofundisha fasihi tutaendelea kuwasomesha wanafunzi tamthilia za uasi wa roboti, na ni vyema. Tuwasomeshe pia hadithi za wajumbe. Hatari iliyo karibu nasi zaidi ni ya mlango unaofungwa kila machweo, kwa utiifu, na mtu ambaye hakurudi kuuliza ni nani aliye ndani.